Gamba Alilolishika Mdogo Wangu

Nyoka hajivui gamba kwa siku moja. Anayeliokota asubuhi chini ya gogo, jepesi na kavu, hudhani kazi ilifanyika usiku huo. Kazi ilianza kama wiki mbili nyuma, chini ya ngozi ambayo kwa macho ilikuwa bado nzima. Seli za tabaka la chini huanza kugawanyika karibu zote kwa wakati mmoja, kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia, na kujenga ngozi ya pili chini ya ile ya kwanza. Kwa siku kadhaa mnyama huyo mmoja huwa na ngozi mbili. Ile mpya inapokaribia kukamilika, kigamba baada ya kigamba, ndipo majimaji na vimeng'enya huingia katikati na kuzitenganisha. Ngozi kuukuu haiondoki ili kuipa mpya nafasi ya kujengwa. Siku inapotoka, mpya imeshakuwepo.

Haya nimejifunza kwa nyoka ambaye sikumchagua. Ni nyoka wa mahindi, dume, mwenye rangi ya chungwa lililoiva na mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi, na urefu wake unapita mita moja. Alikuwa wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki ghafla mwezi Januari katika jimbo la Georgia, Marekani, ambako sote wawili tulikuwa tumehamia kutafuta maisha, yeye mji mmoja na mimi mwingine. Alikuwa hajaoa, akiishi peke yake. Watanzania wa huko walichanga, kama wanavyochanga kila msiba unapotokea, na mwili ukasafirishwa hadi Sumbawanga, kwetu Ufipa. Mimi sikuusindikiza. Karatasi zangu za ukaazi wakati huo zilikuwa katika hali ambayo ningetoka nisingeweza kurudi. Niliyaona maziko kwenye simu, kwa mkono wa binamu aliyekuwa akisukumwa na umati, picha ikikatikakatika na upepo wa Ufipa ukizifunika sauti za waimbaji. Udongo sikuutupa. Jeneza sikuligusa. Kilichobaki mikononi mwangu kilikuwa nyoka.

Yeye kule hakuwa mgeni. Nyoka wa mahindi, ambaye wataalamu humwita Pantherophis guttatus, ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani: Florida, Georgia, Carolina zote mbili, hadi misitu ya misonobari ya kusini mwa New Jersey, ambako sheria ya jimbo inamtambua kuwa hatarini kutoweka. Hana sumu. Huwinda panya kwa kuwakaba, na wakulima wa zamani walimkuta kwenye maghala ya mahindi akiifanya kazi hiyo. Wengine husema jina lake limetoka huko, wengine husema limetoka tumboni mwake, penye miraba myeusi na myeupe inayofanana na punje za mahindi ya rangi mchanganyiko. Ni mpole, na kwa upole huo amekuwa miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani. Mtu mmoja aliyechangia kumfahamisha kwa wafugaji ni H. Bernard Bechtel wa mji wa Valdosta, Georgia, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kwa kuwazalisha jinsi nyoka hawa wanavyorithishana ukosefu wa rangi nyeusi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa udaktari wa ngozi za watu. Mdogo wangu alilipenda sana jambo hilo. Alinisimulia zaidi ya mara moja, kila mara kwa furaha ileile, kwamba mtu aliyeshinda hospitalini akitazama vidonda na vipele vya watu alirudi nyumbani kutazama ngozi za nyoka.

Akitunzwa vizuri, nyoka wa mahindi huishi miaka 15 hadi 20, na wapo waliovuka hapo. Kijana ambaye hajafika miaka 30 akinunua nyoka aliyeanguliwa juzi, anajifunga na kiumbe huyo hadi mvi zake za kwanza. Nilipokuwa nikifungasha vitu vyake niliwaza hilo kuliko jambo jingine lolote. Watu huweka akiba benki, hununua viwanja, hujenga msingi wa nyumba na kuuacha usubiri mwaka mwingine. Yeye alinunua nyoka, na ndani ya ununuzi huo kulikuwa na hesabu ya miaka mingi ambayo aliamini kabisa kuwa ni yake.

Kwetu nyoka hafugwi. Akionekana ndani ya nyumba fimbo hutangulia, maswali hufuata: ametoka wapi, ametumwa na nani. Mama alipopiga simu baada ya maziko, akiwa bado na sauti ya mtu aliyelia mpaka ikamkauka, aliniuliza, "Na yule mdudu wake?" Nikamwambia yuko kwangu. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, ndani ya msiba mtu haongezi nyoka." Sikubishana naye. Alikuwa amemzika mtoto. Alikuwa na haki ya kuogopa kila kitu kilichokuwa na uhai baada yake.

Nilipofungua mlango wa chumba cha marehemu kwa mara ya kwanza, siku iliyofuata ile simu ya alfajiri iliyoleta taarifa ya msiba, nyoka alikuwa amejikunja ndani ya gogo lake la kujificha. Maji kwenye bakuli yalikuwa karibu kwisha. Rangi yake ya chungwa ilikuwa imefifia kana kwamba amepakwa vumbi, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando wa maziwa wenye ubluu. Nilijua maana yake. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kunipigia simu kwa jambo hili hili, jioni baada ya kazi: "Dada, ameingia bluu." Ndivyo wafugaji wanavyosema. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja kinachopenyeza mwanga, nacho hubadilishwa pamoja na ngozi yote. Majimaji yanapoingia kati ya kigamba cha zamani na kipya, jicho hugeuka bluu na nyoka huona kwa shida. Katika siku hizo hujificha. Chakula hukataa. Hata aliye mpole anaweza kumrukia mtu, kwa kuwa haoni ni nani anayemjia.

Huyu basi alikuwa ameingia bluu wakati mdogo wangu akiwa hai. Pengine mdogo wangu alikuwa ameliona hilo na alikuwa akikusudia kunipigia.

Kinachofuata ni jambo ambalo asiyefuga nyoka hulikosea kwa urahisi. Baada ya siku tatu hadi tano ubluu huondoka. Macho hurudi kuwa meusi na maangavu, rangi inarudi kidogo, na mtu husema amepona, au gamba limeshatoka pasipo yeye kuona. Bado. Majimaji yamepungua tu kati ya ngozi mbili. Gamba lenyewe litatoka siku kadhaa baadaye. Nyoka huona vizuri kabla ya kuachana na ngozi iliyompofusha.

Nilikuwa na siku za namna hiyo. Wiki ya kwanza sikuona mbele wala nyuma. Kisha ukaja uangavu wa ajabu: nilizungumza na benki, nikasitisha mkataba wake wa pango, nikaandika majina ya waliochanga na kiasi walichotoa ili tuwashukuru, nikapanga tafrija ndogo ya kumalizia matanga kwa wale waliokuwa karibu. Watu wakanisifu. Wakasema dada ni jasiri, dada amejikaza. Mimi mwenyewe nikasadiki. Kilio chenyewe, kile cha kuangusha mwili sakafuni, kilikuja baadaye, wakati kila mtu alikuwa amesharudi kwenye shughuli zake na simu zimepungua.

Januari na Februari ni miezi migumu kwa ngozi ya nyoka katika nyumba za Marekani. Vipasha joto huikausha hewa, na ngozi ikikauka kabla ya wakati hutoka vipande vipande. Wafugaji hupenda unyevu wa hewa upande hadi asilimia 60 au zaidi kidogo nyakati za kujivua. Nilimtengenezea chombo cha plastiki chenye tundu, ndani yake taulo za karatasi zilizoloweshwa na kukamuliwa, akaingia na kukaa humo. Kisha usiku mmoja, nikiwa nimekaa sakafuni kwa kuwa usingizi ulikuwa umenihama, nikamwona akitoka na kuanza kusugua pua kwenye gogo. Alisugua upande mmoja, akageuka, akasugua mwingine. Midomo ikaachia. Ukingo wa ngozi ukajikunja nyuma juu ya kichwa, vile vifuniko viwili vya macho vikiwa humo humo, na kutoka hapo hakurudi nyuma hata kidogo. Alipita katikati ya magogo na mawe, ngozi ikabaki imekwama nyuma yake na kugeuka ndani-nje, kama soksi inavyovuliwa. Haikuchukua hata saa nzima. Alipomaliza alikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe hai, chungwa safi na wekundu uliokolea, na alitembea mbali na gamba bila kulitazama.

Nililiokota likiwa bado na unyevu. Ni kitu chepesi kupita kiasi. Ni refu kuliko nyoka aliyelitoa, kwa sababu ile ngozi laini iliyokunjwa kati ya vigamba hunyooka inapovuliwa. Halina chungwa wala wekundu. Seli zinazobeba rangi hukaa tabaka la chini zaidi, na hizo nyoka huondoka nazo. Kwenye gamba hubaki kivuli tu cha mabaka, ukiliinua kwenye taa. Vigamba vyote vipo, vile vipana vya tumboni na vile vidogo vya mgongoni. Macho yapo, duara mbili za kupenyeza mwanga.

Niliketi nalo mapajani, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekishika. Hiyo ndiyo ngozi aliyoishika mdogo wangu. Kila jioni aliyomtoa nyoka huyu na kumzungusha mkononi akitazama mpira, ni ngozi hii iliyopita kwenye vidole vyake. Sasa ilikuwa imetoka. Yule nyoka aliyekuwa akinywa maji mbele yangu, akimeta, hakuwa na sehemu ya juu ya mwili wake hata moja iliyowahi kuguswa na mdogo wangu. Alikuwa amemwacha kwa muda usiofika saa.

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia kwa wepesi wake.

Chuki hiyo ilidumu mpaka nilipopata utulivu wa kufikiri vizuri juu ya kile kilichokuwa kimetokea chini ya gamba. Ngozi mpya haikutoka hewani. Ilijengwa katika zile siku ambazo nyoka hakuwa akila, kwa nguvu iliyokuwa tayari mwilini mwake. Nguvu hiyo ilitoka kwa panya aliyelishwa kabla ya kuingia bluu, na aliyemlisha panya yule ni mdogo wangu. Seli zilianza kugawanyika yeye akiwa angali anapumua, akienda kazini na kurudi, akimwekea maji. Ngozi aliyoigusa ilitoka. Ngozi aliyoilisha ilikuwa chini yake. Najua kwamba hata hiyo nayo ilitoka, majira ya kuchipua kwa miti, na iliyofuata ilijengwa kwa chakula changu. Sidai kwamba hapo pana faraja kubwa. Ninachosema ni kwamba kuondoka kwake katika mwili wa nyoka huyu kulikuwa kwa hatua, na mimi nilikuwepo katika kila hatua, jambo ambalo kifo chenyewe kilininyima.

Sisi nasi hujivua, ila hatuoni. Ngozi ya juu ya mwanadamu hujifanya upya kwa muda wa kama mwezi mmoja, na chembe zake hudondoka bila sauti kwenye shuka, kwenye kola za mashati, sakafuni. Sehemu ya vumbi la nyumba yoyote ni ngozi ya wakaaji wake. Mwenye nyumba alitaka chumba kiwe kimesafishwa kabla ya mwisho wa mwezi, nami nilisimama na ufagio mbele ya vumbi lile la chini ya kitanda kwa muda mrefu sana. Sehemu yake ilikuwa yeye. Nilifagia, kwa kuwa lazima kufagia. Nguo zake tulizigawa kama desturi inavyotaka: koti kwa rafiki yake wa kazini, mashati kwa binamu, mengine yakasafiri kwenda nyumbani ili kila ndugu apate cha kuvaa. Anayegawa nguo za marehemu anajua jinsi shati linavyoweza kukaa na umbo la mabega miezi baada ya mabega yenyewe kuwa ardhini.

Katika droo ya meza yake nilikuta bahasha. Alikuwa amehifadhi kila gamba, tangu lile la kwanza, ambalo nyoka wa mahindi hujivua kama wiki moja hivi baada ya kuanguliwa, kabla hata ya mlo wake wa kwanza. Kila bahasha ina tarehe kwa penseli, na mara nyingine neno moja au mawili: "zima," "kipande cha mkia kilibaki, nikakiloweka," "baridi leo." Magamba ya mwanzo yanafuatana kwa karibu, kila wiki nne hadi sita, maana nyoka mchanga hukua haraka, kisha tarehe zinaanza kuachana kadiri anavyopevuka. La kwanza halizidi urefu wa rula ya mwanafunzi. La mwisho lililoandikwa kwa mkono wake ni la mwezi Novemba. Nimeongeza la Februari kwa mwandiko wangu. Mama aliposikia kuhusu bahasha hizo aliniomba nimsomee tarehe zote kwa simu, moja baada ya nyingine, nikamsomea, naye akawa anaitikia "ehe" kila moja, kwa sababu kila tarehe ilikuwa siku ambayo mwanawe aliamka, akachonga penseli na kuandika jambo.

Mwaka 2011 Watanzania tulisikia mno habari za kujivua gamba, pale Chama Cha Mapinduzi kilipotangaza kujisafisha kwa kutaka watuhumiwa wa ufisadi waachie nafasi zao. Tangu hapo wengi wetu tukisikia gamba tunawaza uchafu, kitu cha aibu kinachopaswa kutupwa mbali. Hilo ni kumwonea nyoka. Gamba alilotupa ndilo lililozuia maji ya mwili wake yasipotee. Ndilo lililopokea mikwaruzo ya mawe na meno ya panya. Linatoka kwa sababu limefanya kazi yake hadi likachakaa. Mjusi kafiri wa ukutani hulila la kwake, asipoteze lishe iliyomo. Na huko kusini-mashariki mwa Marekani kuna ndege mmoja mla wadudu, mwenye kishungi na tumbo la njano, ambaye huokota magamba ya nyoka na kuyafuma ndani ya kiota. Watafiti wa Arkansas waliweka magamba katika baadhi ya masanduku ya viota na mengine wakayaacha bila, mayai ndani yake. Yale yenye magamba yaliepukana na kindi warukao wanaoiba mayai. Kilichoachwa na nyoka kinamlinda kifaranga ambaye nyoka huyohuyo angemla. Kila ninapolikumbuka hilo hupata nguvu ya kutozitupa zile bahasha, ingawa wapo walionishauri nizitupe ili nipate kuendelea na maisha.

Ufipa, na kwa jirani zetu Wabende, kuna hadithi ya kale ambayo James Frazer, mwanazuoni wa Uskoti, aliiingiza katika maandishi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Leza, yaani Mungu, alishuka duniani akawauliza viumbe wote ni nani asiyetaka kufa. Watu walikuwa wamelala. Wanyama walikuwa wamelala. Nyoka peke yake alikuwa macho, akaitika. Ndiyo maana sisi wengine wote tunakufa, naye hujivua gamba na kurudia ujana. Babeli nako walikuwa na yao: katika utenzi wa Gilgamesh, mfalme aliyempoteza rafiki yake Enkidu alizunguka dunia kutafuta dawa ya kifo, akaupata mmea wa kurudisha ujana, na alipokuwa akioga nyoka akauchukua, akajivua gamba palepale akienda zake. Gilgamesh aliketi chini akalia.

Naipenda zaidi ya kwetu. Katika hadithi nyingi za asili ya kifo kuna aliyekosa: mwanamke mdadisi, mjumbe mzembe, mlafi aliyekula kilichokatazwa. Katika hii ya Leza hakuna mkosaji. Watu walikuwa wamelala, na kulala si kosa. Simu ya msiba iliponifikia nilikuwa nimelala. Wakati anaanguka, katika mji ule mwingine, nilikuwa nimelala usingizi mzito wa mtu aliyetoka zamu ya usiku. Kwa miezi nilijiuliza ningekuwa macho ingekuwaje, ningempigia, ningesikia kitu katika sauti yake. Wazee wa Ufipa walikuwa wameliweka swali hilo ndani ya hadithi zamani sana, na hawakumlaumu mtu yeyote aliyelala.

Ila nyoka naye hufa. Hilo mfugaji analijua. Kinachofanywa upya ni ngozi ya juu tu; moyo, figo na ini haviguswi, navyo huzeeka. Nyoka mzee wa mahindi hujivua mara chache zaidi kuliko kijana, hupunguza kula, misuli ya mgongo hulegea. Siku moja huyu naye atalala ndani ya gogo asitoke, na kwangu utakuwa msiba wa pili. Mama sasa, akishanijulia hali, huuliza, "Na yule wa mdogo wako, ameshakula?" Neno mdudu ameliacha mwenyewe.

Wafugaji wana sheria moja ambayo humwambia kila mgeni: usivute. Kipande cha gamba kikibaki, rudisha unyevu, mloweke kwenye maji ya vuguvugu, mpe kitu cha kujisugulia, na subiri. Kifuniko cha jicho kikibaki, kukivuta kunaweza kuliharibu jicho lililo chini yake. Hapo ni kungoja gamba linalofuata au kwenda kwa daktari wa wanyama. Lakini pia usipuuze. Pete nyembamba ya ngozi kuukuu iliyobaki kwenye ncha ya mkia hukaza kadiri inavyokauka, huzuia damu, na ncha hiyo hufa. Wanaokuja kuhani wana mapenzi mema, ila wengi huvuta. Jikaze. Usilie sana, utamwumiza marehemu. Kazi ya Mungu haina makosa. Haya husemwa siku ya tatu, ya tano, ya saba, wakati chini hakuna ngozi yoyote iliyokwisha jengwa. Kisha mwezi wa nne, wakati mfiwa ana pete inayomkaba mahali pasipoonekana, hakuna anayekuja kutazama.

Desturi zetu ziliyapa haya muda wake. Mjane Mwislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Wakristo na Waislamu kwetu hurudi kukusanyika siku ya arobaini. Kwingine nguo nyeusi huvuliwa baada ya mwaka, kwa ibada, mbele ya watu, ili asiwepo mtu wa kuzivua peke yake chumbani. Dunia ya ajira haina muda huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na ndugu yake angalau siku 4 zenye malipo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa hata moja. Nyoka wa mahindi, ambaye hajapoteza mtu, huhitaji siku nyingi kuliko hizo kubadilisha ngozi ya nje peke yake, na katika siku hizo hakuna mfugaji mwenye akili anayemsumbua.

Kwa wenzangu mnaoishi ughaibuni nina ombi moja. Ukipata taarifa ya msiba wa mtu aliyekuwa akiishi peke yake, kabla kamati haijaundwa na michango haijaanza kuhesabiwa, uliza kama ndani ya chumba chake kuna kiumbe: paka, samaki, ndege, hata nyoka. Kuuliza hivyo si kumvunjia marehemu heshima, na ndugu walioko nyumbani hawatajua kuuliza. Apatikane mtu wa kufungua mlango siku hiyohiyo na kujaza maji.